MUME WA POINTI TANO

"Kusikiliza?"

"Sita na nusu."

"Kusoma?"

"Sita."

"Kuongea?"

"Saba! Saba, ajuza wangu! Yule mzungu nilimchekesha mpaka akasahau swali la mwisho."

"Kuandika?"

Yubaraj akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, akaanza kuchambua dengu ambazo zilikwisha kuchambuliwa.

"Nimeuliza kuandika."

"Tano na nusu."

"Tena?"

"Tena."

Ranjita, mkewe aliyemwita ajuza kwa utani, hakupiga kelele. Alichukua kitunguu kingine akaanza kukikata, ingawa cha kwanza kilitosha. Sauti ikapenya kutoka chumba cha pili, alikopanga dada mmoja wa kwao aitwaye Muna:

"Shemeji! Mara ya tatu! Mimi leseni ya gari nilifeli mara mbili tu, na nilimkanyaga mtahini mguu!"

"Muna, funga mlango!"

"Mlango umefungwa, shemeji. Ukuta ndio haufungiki."

Ndivyo tunavyoishi sisi Wanepali wa Rockdale, hapa Sydney. Wanandoa huku, mpangaji kule, jiko moja, na siri zinazunguka kama harufu ya vitunguu. Jambo lililokuwa likizunguka nyumba hiyo mwezi ule wa Juni lilikuwa moja tu: mtihani wa Kiingereza wa Yubaraj.

Mwenye viza alikuwa Ranjita. Alikuja kusomea uhasibu, akamaliza, akapewa viza ya wahitimu ya kufanya kazi, nayo ilikuwa inafikia mwisho katikati ya Desemba. Yubaraj alikuja kama mume wa mwanafunzi, akabaki kama mume wa mhitimu. Jina lake kwetu maana yake ni mwana wa mfalme, na mwana wa mfalme huyu alikuwa anaosha magari. Ili wapate ukaazi, Ranjita alihitaji pointi. Zipo za umri, za shahada, za kazi, za Kiingereza. Na zipo za mume. Mume akipata alama sita katika kila sehemu ya mtihani, mke anaongezewa pointi tano. Mume akishindwa, haongezewi kitu.

Na mwanamke asiye na mume kabisa anapewa kumi.

Ndiyo, umesoma vizuri. Msomaji mwenye mume mvivu usicheke kwa sauti, atakusikia.

Wiki hiyo hiyo walikwenda kwa Lamsal, mwenzetu anayeshughulikia karatasi za uhamiaji ofisini kwake, juu ya duka la viungo.

"Dada Ranjita, una themanini na tano," Lamsal alisema. "Wanaalika watu waombe ukaazi kuanzia tisini. Kaka akipata sita, mna tisini, mnaingia wote. Kabla viza yako haijaisha zimebaki raundi mbili za mialiko. Moja Novemba tarehe kumi na mbili, moja tarehe ishirini na tano."

"Na kama nisingekuwepo?" Yubaraj aliuliza kwa utani.

"Angekuwa na tisini na tano. Angelala usingizi."

"Kwa hiyo nife?"

"Si lazima ufe, kaka. Kutengana kunatosha."

Wanaume wakacheka mpaka Lamsal akavua miwani. Ranjita naye alicheka, ila alianza wenzake walipokuwa wamemaliza.

Nje, kwenye ngazi, Yubaraj alimshika mkono.

"Nipe mpaka Novemba. Nitafanya mtihani mwisho wa Oktoba, matokeo yatawahi ile raundi ya pili. Nikifeli, niite punda."

"Punda anajua kuandika?"

"Huyu atajifunza."

"Haya, mzee. Novemba."

Yubaraj akaamini. Alikuwa na sababu ya kuamini. Wanawake wengine pale mtaani wakiingia mikononi mwa waume zao, Ranjita yeye aliingia moyoni. Yubaraj alimsubiri kituoni na mwavuli kila mvua iliponyesha. Viatu vya kazini vya Ranjita, vile alivyovaa kuwageuza wazee vitandani kwenye nyumba ya wazee, alivipasha joto karibu na hita kabla mkewe hajaamka. Muna alikuwa akisema kwamba mume wa namna hiyo angekuwa anauzwa, yeye angepanga foleni na begi lake.

Lakini kabla ya mwavuli na viatu kulikuwa na sebule.

Sebule ya kina Yubaraj, mjini Butwal kule Nepali, miaka sita nyuma. Majira yale wazazi wa wavulana walikuwa hawatafuti tena msichana mweupe wala anayejua kupika. Walitafuta aliyefaulu mtihani wa Kiingereza. Ukoo wa mvulana unagharamia masomo, msichana anakwenda ng'ambo na viza, mvulana anaingia humo humo kama mume. Mama yake Yubaraj alizunguka mji mzima. Nyota za vijana zilipolinganishwa zikagoma, kuhani akaombwa azilinganishe tena, safari hii baada ya chakula, zikakubali.

Ranjita alikuwa ameingia na sinia ya chai.

"Ulipata ngapi?" mama aliuliza, hata jina hajauliza.

"Saba, mama."

"Kila sehemu?"

"Kuandika ni saba na nusu."

"Lete cheti tukione."

Na Yubaraj, pale kwenye kochi, alicheka. Kisha akachovya biskuti kwenye chai.

*

Miezi minne Yubaraj aliandika. Aliandika insha kuhusu faida za baiskeli, kuhusu hasara za simu, kuhusu kama wazee waishi na watoto wao. Ranjita alizisahihisha kwa wino wa kijani.

"Hapa umeandika sentensi mistari sita bila kupumua."

"Nilikuwa na mawazo mengi."

"Nukta ni bure, mzee. Tumia."

Septemba ikaingia Teej, siku wake wanapofunga kwa ajili ya uhai wa waume zao. Ranjita alivaa sari nyekundu ya harusi, akafunga kutwa nzima bila chakula wala tone la maji, akacheza ukumbini na wanawake wa mtaa mpaka bangili zikamkwaruza. Muna akapiga picha akazitupia Fesibuku. Simu ikalia kutoka Butwal.

"Mkwe wangu amefunga?" mama aliuliza.

"Amefunga, mama," Yubaraj akajibu. "Midomo imekauka kama karatasi."

"Basi utaishi miaka mia."

Ibada ilipokwisha, Yubaraj mwenyewe alimshikia glasi akamnywesha maji.

"Taratibu, ajuza. Utapaliwa nife kabla ya hiyo miaka mia."

Ranjita alikunywa huku amefumba macho.

*

Tarehe kumi na mbili Novemba, saa saba mchana, simu ya Yubaraj ikatikisika akiwa anasugua tairi. Alifuta sabuni kidoleni, akafungua. Alisoma mara moja. Akasoma tena. Akamkumbatia mteja, mama mmoja wa Kigiriki aliyekuja kuoshewa gari, naye mama bila kujua kisa akampigapiga mgongoni.

Alifika nyumbani na keki. Alipofungua mlango akakuta meza imetandikwa: nyama ya mbuzi, wali, dengu, achari ya nyanya. Muna alikuwa kazini. Ranjita alikuwa amechana nywele.

"Leo kuna nini? Sikukuu ya Dashain si imepita?"

"Kaa. Nina habari."

"Na mimi nina habari!"

"Anza wewe."

"Aa-aa. Mwenye viza huanza."

Ranjita akavuta pumzi. "Mwaliko umetoka. Raundi ya kwanza. Wamenichukua."

Yubaraj aliiacha keki ikaanguka kochini. Alimnyanyua mkewe, akamzungusha mpaka mguu ukagonga friji.

"Wameshusha kiwango! Nilijua watashusha! Wamechukua kuanzia themanini na tano!"

"Niweke chini."

"Sikuweki!"

"Niweke chini, Yubaraj. Kuna karatasi ya kusaini."

"Lete! Leo nasaini hata ya kunyongwa."

Akaipokea. Akaisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno la Kiingereza, anajigamba kidogo. Katikati akaanza kucheka.

"Huyu Lamsal mlevi! Sikia alichoandika. 'Mimi na mke wangu Ranjita tulitengana tarehe mosi Julai, na tangu siku hiyo hatuishi kama mume na mke.' Amechukua barua ya watu wengine akaweka majina yetu! Mpigie, mpigie tumcheke."

Ranjita hakuinua simu.

"Ajuza?"

"Ni karatasi tu, mzee."

Kicheko kilimtoka Yubaraj kidogo kidogo. Alivuta kiti, akakaa.

"Mosi Julai," alisema.

"Ndiyo siku niliyojaza fomu."

"Mosi Julai ulikuwa na mafua. Nilikupikia uji wa tangawizi."

"Nakumbuka."

"Ulijaza kabla ya uji au baada?"

"Yubaraj..."

"Nauliza tu. Nimeachwa, angalau nijue saa."

"Baada."

"Ulikuwa na chumvi?"

"Usinifanyie hivyo."

"Na Teej? Ile ilikuwa Septemba. Miezi miwili tumeshatengana. Ulikaa kutwa nzima bila maji ili niishi miaka mia. Ulikuwa unamfungia nani?"

"Muna alikuwa anatazama. Mama yako alipiga simu. Ningesemaje?"

"Kumbe atakayeishi miaka mia ni Muna."

"Lamsal amesema zile picha za Teej zitolewe Fesibuku. Uhamiaji wanaangalia."

Yubaraj alipiga meza kwa kiganja, achari ikaruka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia! Ungempigia mama yako, mngekaa kikao ukoo mzima! Umefeli mara tatu, Yubaraj. Mara tatu nimekaa hapa nakuuliza kuandika, unaniambia tano na nusu. Mimi nina viza inayokufa, na maisha yangu yote nimeyaweka kwenye sentensi zako zisizo na nukta!"

"Nilikuomba Novemba. Ukasema haya."

"Niliogopa."

"Na nikisaini?"

"Wanakuondoa kwenye viza yangu. Utarudi Butwal. Kwa muda. Mwaka, miaka miwili, nikishatulia..."

"Utaniita."

Ranjita alikuwa anatazama dengu zinavyopoa.

"Utaniita, ajuza wangu?"

Ranjita akakisogeza kijiko chake, akakirudisha.

"Nijibu hilo moja tu, nitasaini."

"Unaikumbuka sebule ya kwenu?" Ranjita aliuliza polepole. "Mama yako aliuliza alama zangu kabla ya jina langu. Wewe ukacheka. Ukala na biskuti. Miaka sita nimesubiri siku moja uniambie, 'Ranjita, siku ile niliona aibu.' Umenipashia viatu, ndiyo. Umenishikia mwavuli. Hilo hukuwahi kulisema. Mlinichukua kwa saba. Mimi nakuacha kwa kumi. Si nimeongeza?"

 Yubaraj akachukua simu yake, akaifungua, akaisukuma mezani mpaka ikagusa sahani ya mkewe.

"Soma habari yangu."

"Sitaki."

"Soma. Ya mwisho kule chini."

Ranjita akasoma. Kuandika: sita. Mkono ukapanda mdomoni wenyewe.

"Tulikuwa na tisini," Yubaraj akasema. "Kwa raundi ya tarehe ishirini na tano. Siku kumi na tatu, mke wangu. Umeshindwa kunivumilia siku kumi na tatu."

Simu hiyo hiyo ikaanza kulia mbele yao, uso wa mama umejaa kioo kizima. Alikuwa anapiga kuulizia matokeo. Yubaraj akapokea, akamweleza yote bila kupumzika. Butwal ikalipuka.

"Mkwe! Hebu jitokeze nikuone! Sisi ndio tuliokusomesha! Tulikuchukua umpeleke mwanangu huko, siyo umrudishe!"

Ranjita akaisogelea kamera. "Mama, mlinichukua kama tiketi. Tiketi ikishatumika huchanwa. Nimewahi tu kujichana mwenyewe."

"Unamsikia, Yubaraj? Unamsikia nyoka?"

"Namsikia, mama."

Mama akalia, akapenga kamasi. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, sauti ya sokoni.

"Mwanangu. Hebu tufikiri. Ukikataa mnarudi wote wawili, si ndiyo? Na nilishawatangazia watu kwamba hamrudi. Saini. Abaki mmoja huko. Akipata ukaazi tutambembeleza."

"Mama..."

"Saini, baba. Utampata tena, au tutakutafutia mwingine. Yuko binti hapa nyuma ya benki, amepata saba na nusu."

Yubaraj akakata simu. Chakula hakikuguswa. Muna aliporudi hakuiona keki kochini, akaikalia.

*

Asubuhi yake walikuwa kwa Lamsal. Walikaa viti viwili vilivyobaki, na kiti cha tatu katikati yao kina mafaili.

"Kaka Yubaraj," Lamsal alianza, hana raha. "Usinichukulie vibaya. Mteja ni dada. Yeye aliniambia mmeachana kimoyomoyo."

"Kimoyomoyo ni sheria ya nchi gani?"

Ranjita hakuwa amelala. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuja na swali na hakutaka kuzungushwa.

"Lamsal, amepata sita."

"Nani?"

"Mume wangu. Kila sehemu, sita kwenda juu. Tuuache huu mwaliko. Tujaze upya leo, mume na mke, tisini. Tuingie raundi ya tarehe ishirini na tano."

Yubaraj akageuka kumtazama. Ranjita akaupitisha mkono juu ya mafaili, akaushika mkono wake.

"Mzee, nisamehe. Jana nilisema maneno ya miaka sita kwa dakika moja. Turudi nyumbani tuanze upya. Mimi na wewe."

"Mimi na wewe na sita yangu."

"Ndiyo. Na sita yako. Sitakudanganya tena."

Yubaraj hakuutoa mkono. Ukweli ni kwamba aliukaza. Kwa sekunde chache pale ofisini, harufu ya binzari ikipanda kutoka dukani, alikuwa tayari kusamehe kila kitu, uji, Teej na Julai yote.

Lamsal akakohoa.

"Dada, nilikuambia siku ile ya fomu. Ukishaalikwa, jina lako linafungwa siku sitini. Huwezi kuomba mwingine. Zikifunguka ni Januari. Viza yako Desemba katikati imekwisha. Ama uutumie mwaliko huu ulio nao, ama urudi nyumbani."

"Hakuna njia?"

"Hakuna. Ungesubiri kidogo, mngeingia wote. Sasa ni wewe peke yako, na barua yenye Julai."

Gari la taka lilipita nje, likasimama, likaondoka. Ranjita alikuwa bado ameushika mkono wa mumewe. Kisha akauachia. Aliutumia mkono huo huo kuvuta ile barua kutoka kwenye faili, akaiweka mbele ya Yubaraj, akaweka na kalamu juu yake.

"Basi saini," alisema kwa sauti ndogo.

"Dakika moja iliyopita nilikuwa mumeo."

"Najua."

"Hata kiti hakijapoa."

"Najua, Yubaraj. Nisaidie. Tukirudi wote tunapata nini? Mama yako atanila mbichi. Mwache mmoja wetu apone."

"Umesema sawasawa na mama. Mngejaribu, mngeelewana."

Akaichukua kalamu. Ranjita akafumba macho, midomo inacheza, labda anaomba. Lamsal aliinama kuelekeza mahali pa saini, kisha akainuka haraka.

"Kaka, unafuta nini hapo?"

"Tarehe."

"Usiiguse tarehe! Bila Julai zile pointi kumi ni uongo, mwaliko unafutwa!"

"Talaka nampa," Yubaraj akasema. "Ameitaka, ni yake, wala sitamsumbua. Lakini Julai siwezi kumpa. Julai nilikuwa mume wake. Na Agosti. Na Septemba yote nilikuwa mume, mpaka asubuhi hii."

Ranjita akasimama, kiti kikaanguka. "Ukiandika ya leo umeniua!"

"Hufi. Unarudi Butwal tu. Na mimi narudi."

"Unanikomoa! Kwa sababu ya maneno ya jana!"

"Jana ulisema kweli. Siku ile sebuleni nilipaswa kuona aibu. Naiona leo, imechelewa, nisamehe." Aliyasema akimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu jana sauti yake haikuwa na utani. "Ila sisaini uongo ili uwe huru na mimi niwe mtu ambaye hajawahi kuishi na wewe."

"Yubaraj, nakuomba. Mzee wangu. Nakupigia magoti."

"Ndege ya kwenda Kathmandu ni ile ile moja," akasema. "Waambie tu viti watutenganishe."

Akaandika tarehe kumi na tatu Novemba, akasaini chini yake, akapuliza wino ukauke, akamrudishia Lamsal kalamu.